PLC Iliundwa kwa Ajili ya Fundi

Ndugu wahandisi, ndugu mafundi, na ninyi wanafunzi mliojaa kule nyuma, karibuni sana.

Nimeombwa nizungumzie PLC, yaani kompyuta za kiwandani zinazoendesha mitambo kwa programu, na kampuni zinazozitengeneza. Najua wengi mmekuja na swali moja: kampuni gani ni bora? Nitalijibu, ila kwanza turudi kwenye sharti lililowekwa kabla PLC ya kwanza haijaundwa, kwa sababu sharti hilo ndilo ninalolitumia kuzipima kampuni zote.

Mwaka 1968, kitengo cha Hydramatic cha General Motors huko Marekani, kilichokuwa kikitengeneza giaboksi otomatiki, kilichoshwa na rilei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme. Mitambo ya wakati ule iliendeshwa na makabati makubwa yenye rilei mamia kwa mamia, zote zimeunganishwa kwa waya. Toleo la gari likibadilika, mafundi wanafumua waya na kuanza upya. Kitengo kile kikaandika sifa za kifaa kinachokitaka: kiwe cha kielektroniki, kazi yake ibadilishwe kwa programu, kivumilie vumbi, joto na mtetemo. Na hapa ndipo penye sharti lenyewe: mafundi wa kiwanda waweze kukiprogramu, na kukitengeneza kikiharibika, wao wenyewe.

Bedford Associates, kampuni ndogo ya Massachusetts alikokuwa mhandisi Dick Morley, ilileta mradi wake wa 84. Kifaa kikaitwa Modicon 084, na mwaka 1969 kikafika kwa mteja. Lugha waliyoichagua ni mchoro wa ngazi: nguzo mbili za wima, na kati yake vidato vyenye kontakti (alama ya swichi) na koili (alama ya kitu kinachowashwa). Fundi umeme alikuwa akisoma michoro ya aina hiyo miaka yote. Hakuna aliyemtaka akasomee kompyuta kwanza.

Tuchukue kidato kimoja. Kuna kitufe cha kuwasha mota, na sambamba nacho kontakti ya mota hiyohiyo; kisha kwenye mfululizo kuna kitufe cha kuzima. Ukibonyeza, mota inawaka. Ukiachia kidole, kontakti yake inaendelea kuishikilia. Sasa angalieni kitufe cha kuzima. Kinafungwa kwa namna ambayo umeme unapita ndani yake muda wote, hadi mtu akibonyeze. Waya ukikatika, PLC inaona umeme umepotea na mota inasimama. Laiti kingefungwa kinyume, waya ungekatika leo na msingejua mpaka siku mtu anabonyeza na mashine haisimami. Ndiyo maana kwenye programu kitufe hiki huchorwa kama kontakti iliyo wazi, ambayo hujifunga PLC ikiona umeme, jambo linalowachanganya wanafunzi kila mwaka. Na kile kitufe chekundu cha dharura kisitegemee programu ya kawaida hata kidogo. Kipitie rilei ya usalama au PLC iliyotengenezwa mahususi kwa usalama.

Jambo la pili la kuelewa ni mzunguko. PLC inasoma viingizo vyote, yaani ishara za vitufe na sensa, inapitia programu kutoka juu hadi chini, inaandika matokeo, inarudia, kwa kawaida ndani ya milisekunde chache. Programu ikikwama na kupitiliza muda iliyopangiwa, kipima muda cha ndani kinaisimamisha. Ukiandika koili moja kwenye vidato viwili, kidato cha mwisho ndicho kinachoshinda, kwa kuwa matokeo hupelekwa nje mwishoni mwa mzunguko. Unaweza kuangalia skrini, ukaona kidato cha kwanza kimekamilika kabisa, na bado vali haifunguki. Kabla hujashuku vali au waya, tafuta koili hiyo imeandikwa wapi kwingine.

Haya, kampuni. Modicon leo ni jina lililo chini ya Schneider Electric ya Ufaransa. Urithi wake mkubwa ni Modbus, itifaki ya mawasiliano kati ya vifaa ya mwaka 1979, inayotumika mpaka sasa kwa kuwa ni nyepesi na iko wazi kwa kila mtu. Allen-Bradley ilinunuliwa na Rockwell mwaka 1985. Siemens ya Ujerumani ilileta SIMATIC S5 mwaka 1979, ikafuatiwa na S7. Japani wapo Mitsubishi Electric na Omron. Zote hizi zinatengeneza vifaa vinavyodumu. Kwa ubora wa chuma na plastiki, sioni sababu ya kugombana.

Ugumu uko kwenye programu za kuhariria, yaani zile za kompyuta tunazoandikia programu za PLC. Mwaka 1993 kilitoka kiwango cha kimataifa, IEC 61131-3, kilichoainisha lugha tano za kuprogramu PLC, ngazi ikiwemo. Kimesaidia sana: fundi aliyejifunza kwa Omron hapotei akikuta Siemens. Lakini mradi ulioandikwa kwenye TIA Portal ya Siemens haufunguki kwenye Studio 5000 ya Rockwell. Kila kampuni ina programu yake, leseni zake, matoleo yake. Kampuni kama WAGO zinatumia CODESYS, programu ya kuhariria inayotumiwa na watengenezaji wengi, na mimi naona huo ni mwelekeo mzuri.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kampuni bora kwenu ni ile ambayo fundi wenu wa zamu ya usiku anaweza kufungua programu yake, akaona kidato gani kimekwama, na akapata moduli mbadala. Leseni ikiwa ghali kiasi kwamba inakaa kwenye kompyuta moja iliyofungiwa ofisini, sharti la 1968 limevunjwa, hata kifaa kiwe kizuri namna gani.

Na muandike kwenye mkataba, kabla hamjalipa malipo ya mwisho: aliyefunga mtambo akabidhi programu kamili pamoja na maelezo ya kila kidato, nenosiri, na toleo la programu ya kuhariria alilotumia. PLC yenyewe huenda isihifadhi maelezo hayo. Ukiipakua programu kutoka kwenye kifaa cha zamani, mara nyingi utapata anwani tupu, namba bila majina, na itakubidi ufuate waya mmoja mmoja ujue ni sensa ipi.

Sasa nipeni maswali, tuanze na mafundi.