Fomula ya chokaa na ya mbolea ya SA: hesabu chaji kwanza

Habari zenu, karibuni. Shika kalamu kabisa, maana fomula za kampaundi za ayoni, yaani zilizoundwa na chembe zenye chaji ya umeme, chanya au hasi, hazikai kichwani kwa kutazama tu.

Tuanze na chokaa iliyozimwa, ile ya kupaka ukutani. Darasani tunaiita kalsiamu haidroksaidi. Andika ayoni ya metali kwanza, kalsiamu: Ca²⁺. Pembeni yake, haidroksaidi: OH⁻. Chaji zikae juu, upande wa kulia, kama ninavyoandika hapa.

Sasa hesabu. Kalsiamu moja ina chanya mbili. OH moja ina hasi moja tu, kwa hiyo bado tunadaiwa hasi moja. Ongeza OH ya pili. Chanya mbili, hasi mbili, jumla sifuri. Hapo tunasimama, kwa sababu kampaundi nzima haina chaji.

Angalia vizuri hapa, ndipo wanafunzi wengi wanapopoteza alama hivi hivi. Ukiandika CaOH₂, ile mbili inaihusu hidrojeni peke yake. Oksijeni imebaki moja. Sisi tumechukua OH nzima mara mbili. Ifungie kwenye mabano, mbili ikae nje, chini: Ca(OH)₂. Zile chaji hatuziandiki tena.

Kuna njia ya mkato ya kupishanisha namba za chaji, ya huyu inashuka chini ya yule. Al³⁺ na O²⁻ zinatoa Al₂O₃, sawa kabisa. Ila jaribu Mg²⁺ na O²⁻: utapata Mg₂O₂, na lazima uirahisishe iwe MgO. Ndiyo maana nasisitiza uhesabu chaji kwanza.

Twende kwenye mbolea ya SA, yaani amoniamu salfeti: NH₄⁺ na SO₄²⁻. Amoniamu si metali, lakini ni chanya, kwa hiyo inatangulia. Safari hii chanya ndiyo imepungua, tunahitaji NH₄ mbili: (NH₄)₂SO₄. Ile nne ya ndani usiiguse, ni ya hidrojeni. Salfeti ipo moja, haihitaji mabano. Hesabu hidrojeni zote: 8.

Sasa simamisha video, ujaribu mwenyewe aluminiamu salfeti, ile inayotumika kusafishia maji. Al³⁺ na SO₄²⁻. Tatu na mbili zinakutana kwenye sita.

Umemaliza? Al mbili ni chanya sita, SO₄ tatu ni hasi sita: Al₂(SO₄)₃. Hesabu oksijeni zako. Kama hazifiki 12, rudi ukaangalie mabano.