Usifute Kabla ya Kusoma: mhadhara kwa mafundi wa mashine, Bukavu

Ba papa na ba mama, na ninyi vijana wa mekanika mliojaza viti vya nyuma, jambo kwenu. Nimeombwa niseme juu ya beringi za msukumo, zile zinazobeba uzito wa jenereta za umeme wa maji. Nitasema beringi, pedi (vipande vinavyobeba mzigo) na babiti (metali laini iliyopakwa juu yake). Mwenye kuzoea butée, patin na régule ajue tunazungumza kitu kilekile.

Katika kazi hii, kinachoharibiwa zaidi na mafundi ni ushahidi. Mashine inasimama kwa sababu ya joto. Mkubwa anapiga simu kila mara akiuliza umeme unarudi saa ngapi. Fundi anafungua, anachukua tambara na mafuta ya taa, anang'arisha pedi zote, anakwangua palipochubuka, anarudisha. Umeme unarudi na watu wanampongeza. Miezi inapita, na pedi zilezile zinachubuka mahali palepale, maana alichokifuta ndicho kilichokuwa kikimwambia sababu. Leo nataka tujifunze kusoma uso wa pedi kabla tambara halijaugusa, na kuisoma mashine kabla haijasimama.

Kwanza tukubaliane inavyofanya kazi. Katika jenereta ya wima, uzito wote wa rota, shafti na gurudumu la turbini, pamoja na msukumo wa maji wenyewe, unakaa juu ya beringi moja. Ni mamia ya tani katika mashine kubwa. Chini ya sahani inayozunguka kuna duara la pedi za chuma zilizopakwa babiti, kila moja ikiwa juu ya egemeo linaloiruhusu kuinama kidogo. Mmeona boti ya injini ikiondoka hapa kuelekea kisiwa cha Idjwi: ikikaza mwendo inainua pua, maji yanaingia chini ya tumbo na kuibeba. Pedi nayo inainamia hivyo. Mafuta yanaburutwa na sahani, yanaingia kwenye nafasi inayopungua, shinikizo linapanda, na chuma hakigusi chuma. Utando huo wa mafuta una unene wa mikroni 30 hadi 50 hivi, yaani sehemu 30 hadi 50 za elfu moja ya milimita. Mamia ya tani yanaelea juu ya kitu usichoweza kukiona kwa jicho.

Wazo hilo walilipata watu wawili, kila mmoja kivyake: Michell kule Australia, aliyepata hataza yake mwaka 1905, na Kingsbury kule Marekani. Kisa cha Kingsbury nakipenda. Mwaka 1912 beringi yake ilifungwa kwenye turbini ya kituo cha Holtwood, Pennsylvania, kubeba zaidi ya tani 200. Ilipowashwa mara ya kwanza iliharibika. Wengine wangesema wazo ni bovu, turudie beringi za magurudumu, zenye rola za chuma, zilizokuwa zikichakaa haraka. Yeye aliuangalia uso ulioharibika, akaona nyuso hazikuwa zimesawazishwa vya kutosha, akaomba nafasi nyingine. Mara ya pili ilishika, na ikaendelea kufanya kazi kwa miongo na miongo.

Babiti ni laini kwa makusudi. Ile inayotumika sana ina bati karibu asilimia 89, iliyobaki ni antimoni na shaba. Ulaini huo unaifanya imeze punje ndogo ya uchafu badala ya kuiacha ikwangue sahani, na siku ya balaa ichubuke yenyewe ili shafti ipone. Bei yake ni kwamba inaogopa joto. Huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 240, lakini nguvu yake inapungua mapema zaidi, tangu nyuzi 130 hivi. Kwa hiyo kengele huwekwa chini ya 100, kila mtengenezaji na namba yake.

Na hapo kwenye namba ya kengele ndipo ninapogombana na watu. Tuseme mashine ina pedi nane na kengele iko kwenye 85. Kwa megawati zilezile na maji ya kupoza yaleyale, pedi saba zinasoma 67, 68, 69. Moja inasoma 76. Kengele haijalia, na daftari la zamu limeandikwa "normal". Kwangu mimi mashine hiyo inaumwa, na imekuwa ikisema tangu wiki ile pedi hiyo ilipoanza kuachana na wenzake. Pedi zote zikipanda pamoja, nenda kwenye maji ya kupoza, kwenye kipoza mafuta, kwenye usawa wa mafuta au kwenye mzigo. Moja ikipanda peke yake, tafuta kwenye egemeo lake, kwenye usawazishaji, au kwenye babiti yake. Tofauti kati ya pedi inasema mengi kuliko joto la pedi yoyote.

Kuna mitego miwili. Sensa lazima ikae mahali pa joto kali: robo tatu ya njia ya mafuta juu ya pedi, na robo tatu ya upana ukitoka ndani kwenda nje. Ikiwekwa katikati, au ikining'inia kwenye mafuta tu, itakufariji mpaka siku ya mwisho. Halafu, kama ni pedi mbili tu zenye sensa kati ya nane, sita zimenyamaza, na hakuna daftari litakalozisemea. Na tukiwa hapo: sensa ikiruka nyuzi 40 kwa sekunde moja kisha ikarudi, angalia waya. Chuma kinene hakipati joto kwa kasi hiyo. Nimeona watu wakifungua mashine nzima kwa ajili ya skrubu iliyolegea kwenye sanduku la viunganisho.

Sasa hapa kwetu. Kituo cha umeme cha Ruzizi I kinafanya kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Ruzizi II tangu 1989 kwa ajili ya nchi tatu. Wote mnajua plastiki inayosombwa na mvua kutoka mitaa ya Kadutu na Ibanda, inavyoingia ziwa Kivu na kuelea hadi kwenye bwawa la Ruzizi. Tunaizungumzia kama habari ya maji na megawati. Mimi naiona pia kama habari ya beringi. Chujio la mlangoni likiziba, mashine inapunguza mzigo au inasimama, inasafishwa, inawashwa tena. Beringi ya msukumo haichoki sana ikizunguka kwa mwendo wake wa kawaida, maana mafuta yanaibeba. Inaumia inapoanza na inaposimama, wakati mwendo ni mdogo na utando haujakamilika. Anayeongeza idadi ya kusimama anaongeza vidonda. Ndiyo maana pampu ya shinikizo kubwa, inayosukuma mafuta chini ya sahani kabla ya kuanza, si pambo. Ndiyo maana breki zishike kwa wakati, mashine isiachwe itambae taratibu kwa dakika nyingi. Na kama imesimama siku kadhaa na haina pampu hiyo, inua rota kwa jeki ili mafuta yaingie, kisha ishushe ndipo uwashe.

Tufungue mashine basi. Kabla ya kugusa, andika namba kwenye kila pedi na mwelekeo wa mzunguko, na piga picha kwa simu, taa ikimulika kutoka ubavuni. Halafu soma.

Babiti iliyoburutwa na kulundikana upande wa kutokea mafuta: utando ulikatika. Kwenye pedi zote, fikiria kuanza bila mafuta, mzigo uliozidi, au mafuta yaliyopungua. Kwenye pedi moja au mbili, mzigo haugawanyiki sawa. Geuza pedi uangalie egemeo mgongoni, mara nyingi utakuta limebonyea. Mistari ya duara inayofuata mzunguko: uchafu mgumu, na usiishie kwenye pedi, pitisha ukucha kwenye sahani pia, kwa kuwa sahani yenye mikwaruzo itakula pedi mpya utakazofunga kesho. Nyufa zilizokatika kama vigae, vipande vikitaka kung'oka: babiti imechoka kwa mzigo unaopiga na kuachia, au haikushikamana vizuri na chuma tangu ilipomiminwa.

Mshikamano huo hupimwa kwa ultrasoniki, kifaa cha mawimbi ya sauti. Asiye nayo atumie njia ya wazee: loweka pedi kwenye mafuta ya taa, ifute ikauke kabisa, paka chaki kwenye ukingo wa kiungo. Chaki ikilowa, mafuta yanatoka ndani, babiti imeachana na chuma. Njia hii inaonyesha ukingoni tu, haioni katikati.

Kidonda kinachodanganya kuliko vyote ni cha umeme. Uso unafifia kama umepigwa mchanga laini, na mtu anasema ni uchakavu wa kawaida. Ukichukua lenzi unaona vishimo vidogo vya mviringo, sakafu yake inang'aa kwa kuwa chuma kiliyeyuka pale. Vinakaa hasa mahali utando ni mwembamba. Usumaku wa jenereta usipokuwa sawa pande zote, shafti hupata volti, na umeme hutafuta njia kupitia beringi. Mafuta nayo huelekea kuwa meusi. Dawa haiko kwenye pedi. Pima kihami cha beringi (kinachozuia umeme usipite) kwa megomita, yaani kipimo cha ukinzani, angalia brashi inayopeleka umeme wa shafti ardhini, angalia kama kuna fundi aliyepitisha bomba au waya wa sensa juu ya kihami na kuunganisha pande mbili zilizotakiwa kutengana. Ukibadilisha pedi bila hayo, umenunua pedi nyingine za kuchomwa.

Kwa wenye pampu na mashine za kusaga zenye beringi za magurudumu, mambo ni mengine: pale mtetemo ndio msemaji mkuu, na kiwango cha ISO 15243 kimepanga aina za vidonda vyake vizuri sana. Kisomeni. Sitakirudia hapa.

Dada mmoja amenitumia swali kwenye karatasi: maabara ya mafuta iko mbali, afanye nini? Anza na chupa safi ya kioo. Chota mafuta mashine ikiwa inazunguka au mara tu iliposimama, kila mara mahali palepale, uache yatulie usiku kucha. Yakiwa meupe kama maziwa, kuna maji, kashuku kipoza. Kata chujio utandaze karatasi yake. Usitegemee sumaku: babiti haishikwi na sumaku, na sumaku safi imewapumbaza wengi. Ukipata nafasi ya kutuma maabara, bati, antimoni na shaba zikipanda pamoja ni babiti. Shaba peke yake, fikiria mabomba ya kipoza. Lakini kipimo cha kawaida cha maabara huona chembe ndogo sana. Vipande vikubwa vya pedi iliyochubuka ghafla huzama chini ya tangi na kukuachia ripoti nzuri.

Na papa hapa mbele anauliza kama pedi yenye kidonda inaweza kurudishwa mpaka vipuri vifike. Mchubuko mwepesi, ambao umeusoma na sababu yake umeiondoa, unaweza kukwanguliwa kwa mkono, ukapakwa rangi ya kupimia mgusano, na mashine ikarudi kwa mzigo mdogo huku joto likisomwa kila saa. Nyufa chache zisizoungana, zichore kwenye karatasi na ufungue tena mapema. Babiti ikiwa imeachana na chuma, hapana, hata kama mkubwa amekuja mwenyewe kusimama mlangoni.