Papadopoulos na hogo la Wagiriki

Ndugu zangu, wanaonifahamu wanajua nitaanza na hogo, yaani plasta ngumu ya kufungia mfupa uliovunjika, na leo tena naanza na hogo.

Kanali Georgios Papadopoulos na wenzake waliipindua serikali ya Ugiriki usiku wa kuamkia Aprili 21, 1967, zikiwa zimebaki wiki tano hivi wananchi wapige kura. Akajitetea kwa mfano alioupenda mno: Ugiriki ni mgonjwa, sisi ni madaktari, na mgonjwa lazima tumfunge hogo ili apone.

Haya, nani hapa amewahi kufungwa hogo? Nyoosha mkono, usione haya. Basi wewe ni shahidi wangu. Wiki sita tu, likikatwa, mguu unatoka umekonda, ngozi imepauka, ukisimama goti linacheza. Na wewe ulikuwa umevunjika kweli! Wagiriki walifungwa miaka saba, na waliowavunja ni haohao madaktari. Maelfu walitupwa visiwani, wengine Gyaros, kisiwa kikame kisicho na mtu. Mjini Athens polisi wa jeshi waliwachapa wafungwa nyayoni mpaka wakashindwa kutembea. Hayo ndiyo matibabu?

Najua kuna atakayeniambia, "Mwalimu, lakini aliwafutia wakulima madeni." Aliyafuta, mwaka 1968. Nami nauliza: mkulima huyo angemlalamikia nani bei ya mazao ikianguka? Gazeti lipi lingethubutu kumwandika? Msiniletee hoja ya madeni kana kwamba sauti ya mtu inauzwa kwa kilo.

Na hogo halikukatwa. Daktari akawa waziri mkuu, akajiongezea wizara, 1972 akashika nafasi ya mfalme, 1973 akawa rais.

Muda unaniishia, nitakimbia. Novemba 1973 wanafunzi wakajifungia chuo cha Polytechnic, wakaunda redio yao, wakawaita wananchi. Alfajiri ya tarehe 17 kifaru kikaliangusha geti, wanafunzi wakiwa wamelishikilia. Siku nane baadaye Ioannidis, mwanajeshi mwenzake Papadopoulos, akampindua. Utawala wa wanajeshi wenyewe ukaanguka 1974 kwa sababu ya kisiwa cha Cyprus, lakini Cyprus siigusi leo, ina mhadhara wake. Mwaka 1975 mahakama ikamhukumu Papadopoulos kifo, serikali ya kiraia ikakigeuza kifungo cha maisha, na 1999 akafa angali mfungwa.

Ukifika Athens, nenda Polytechnic. Geti lile lililopondwa wamelilaza uani, vyuma vimejikunja, na kila Novemba 17 watu huja kuliwekea maua.