Dakika 20 Si Nukta 20

Hamjambo wote. Nimeombwa nizungumzie programu za kurekodi muda wa kazi mtandaoni. Nitaanza na kazi yangu mwenyewe.

Mwaka juzi nilikubali kutafsiri mwongozo wa mashine za kusaga nafaka kwa shilingi 30,000. Nilipiga hesabu kichwani: siku tatu, nimemaliza. Wakati huo nilikuwa naijaribu Toggl, programu iliyoanzia Estonia mwaka 2006, kwa hiyo nikairuhusu ihesabu. Kazi ilipokwisha ilinionyesha saa 40. Yaani nimelipwa 750 kwa saa, na bei niliyokuwa nikiitangaza ni 1,500! Kutafsiri kwenyewe kulichukua saa 24. Saa 16 zilizobaki zilimezwa na simu, ujumbe wa WhatsApp, "badilisha kidogo tu hapo", na kusaka michoro ambayo mteja alisahau kuituma.

Hizo saa 16 ndizo zinazotumaliza. Fundi cherehani akikupima kiuno tayari yuko kazini, ingawa cherehani haijalia. Basi washa kihesabu muda hata ukiwa kwenye simu, na uandike ulichofanya: "Jumanne, 14:10 hadi 15:30, marekebisho ya jalada, mara ya tatu." Mteja akiisoma hiyo "mara ya tatu" huelewa bila ugomvi.

Angalieni mstari huohuo. Ni saa moja na dakika 20. Kwenye ankara wengi huandika 1.20, yaani moja nukta 20. Hapana! Dakika 20 ni theluthi ya saa, kwa hiyo ni takriban 1.33. Kwa bei ya 1,500, stahili yako ni shilingi 2,000, lakini aliyeandika 1.20 atalipwa 1,800. Mia mbili zimepotea kwa mstari mmoja, na ankara ya mwezi ina mistari mingapi?

Tena kuna hili letu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Saa tatu asubuhi, programu huiandika 09:00. Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha aliandika 03:00, mteja wa ng'ambo akauliza kwa nini anafanya kazi saa tisa usiku. Weka ukanda wa saa wa Nairobi, na uutaje kwenye ankara, maana London iko nyuma yetu kwa saa 3 wakati wa baridi na 2 wakati wa kiangazi.

Mkiwa na wafanyakazi, nawasihi muwe waangalifu. Upwork, mtandao wa kutafutia kazi, kwa kazi za kulipwa kwa saa hupiga picha ya skrini mara 6 kila saa, na anayejiunga hulijua hilo. Wewe mwenye duka la uchapishaji na vijana wawili, ukitaka kuwapiga picha hizo, waambie kwanza unakusanya nini na kwa nini. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakudai hivyo. Mimi binafsi sizipendi. Kijana akiandika mwenyewe alichofanya, utajua mengi kuliko picha ya skrini.

Sasa toeni simu. Kila mtu aandike kazi aliyoifanya leo kabla ya kupanda matatu kuja hapa: ilianza saa ngapi, ikaisha saa ngapi, ni ya nani. Nitapita kila meza tuangalie nukta zenu.