Msimhukumu mama kwa maruweruwe ya 1967

Mwenyekiti asante, wazazi wangu, mi naanza moja kwa moja maana hili nimelisema Kampala, nimelisema Jinja, na bado mtoto akizaliwa na mguu mfupi mama ndo anaulizwa, ulimeza nini, ulivuta nini.

Mwaka 1967 kule Buffalo, Marekani, Maimon Cohen na wenzake walitia LSD, ile dawa ya kulevya inayoleta maruweruwe, kwenye seli nyeupe za damu wakaona kromosomu, yaani nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi, zimekatika, wakampima na mgonjwa aliyetibiwa kwa LSD, zake nazo zimekatika. Mgonjwa mmoja! Tena aliyekuwa anapewa na dawa zingine za akili. Magazeti yakavuma kwamba LSD inalemaza watoto tumboni, na watu walikuwa bado na donda la thalidomaidi, dawa waliyopewa wajawazito ikaleta maelfu ya watoto waliozaliwa na mikono na miguu haijakamilika, sa nani angengoja ushahidi?

1971 mtafiti Norman Dishotsky na wenzake wakapitia tafiti 68 za LSD. Hapa naomba mnisikilize taratibu. Waliopewa LSD safi walikuwa 126, waliokutwa na mikatiko kuzidi kawaida kama 14 kwa mia. Waliotumia ile ya mtaani walikuwa 184, na hao ni karibu nusu! Jina la dawa ni lile lile jamani, lakini ya mtaani nani anajua imechanganywa na nini, na anayeinunua anatumia na vingine, hali chakula vizuri, pengine ana homa ya ini. Wakasema LSD safi kwa kipimo cha wastani haiharibu kromosomu za mtu.

Kuna mtu atasema daktari unawaruhusu vijana. Hapana! Hao hao kina Dishotsky walishauri mjamzito asiiguse, na mimi nasema hivohivo. Ninachokataa ni mama kuhukumiwa kwa mtoto mmoja, wakati katika watoto 100 kama 3 huzaliwa na kasoro hata kwa mama ambaye hajawahi kuziona dawa hizo.

Pombe ndo imethibitishwa kudhuru mtoto tumboni, madaktari wa Seattle, Marekani, waliiandika 1973, lakini waragi mjamzito anamiminiwa harusini na hakuna anayeshtuka. Foliki asidi nayo, ile vitamini ya kumkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo, ianze kabla ya mimba, maana mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unafunga kwenye siku ya 28 hivi, wengi hapo hawajajua kama wamebeba. Dawa za kifafa naziruka, muda umeisha. Yule mama wa nyuma aliyenyoosha mkono, anza wewe.