Kivuli Chako na Fizi Zako

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie fizi, nami naanza na kivuli. Mliokulia Unguja, Tanga au Lamu mnalijua jua la utosi: saa sita mchana umesimama uwanjani, kivuli chako kimejikunja chini ya nyayo. Sasa ikumbukeni Desemba ya hapa London. Saa sita ileile, siku ambayo mawingu yamefunguka, jua limeinama juu ya mapaa ya nyumba, na kivuli chako kimelala barabarani zaidi ya mara tatu ya urefu wako. Jua ni lilelile, ila mionzi yake inakuja kwa mshazari, inapita kwenye hewa nyingi mno, na ile mionzi ya urujuanimno aina B, ambayo ngozi huitumia kutengenezea vitamini D, inamezwa huko angani. Mwaka 1988 watafiti wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba kuanzia Novemba hadi Februari jua la mji wao halitengenezi vitamini D kwenye ngozi. Na Boston iko kusini kuliko London.

Kwa hiyo shikeni kipimo hiki: kivuli kikikuzidi urefu, ngozi haipati kitu cha maana. Ukikaa ndani karibu na dirisha hupati pia, hata kiangazi, kwa sababu kioo huzuia mionzi hiyo.

Kisha kuna weusi wetu. Ni mwavuli mzuri tuliopewa kwa ajili ya jua la kwetu, na tumesafiri nao hadi kwenye nchi ya mawingu. Mwaka 2012 kulichapishwa utafiti wa Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha yao ya asili. Wastani wa vitamini D katika damu yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, bila kidonge hata kimoja. Hapa Uingereza mtu huhesabiwa yuko hatarini akishuka chini ya 25. Mama zangu mnaojisitiri kwa buibui, mwavuli wenu ni wa pili juu ya wa kwanza. Hata Ghuba, penye jua kali, wanawake wengi wamepimwa wakakutwa na upungufu.

Fizi zinaingiaje hapa? Ugonjwa wa fizi huanza na ukoga, ule utando unaonata kwenye jino ukiupitishia ulimi asubuhi. Umejaa bakteria. Usipoondolewa, fizi huvimba na kutoa damu. Miaka ikipita, mfupa unaoshika jino huliwa. Vitamini D husaidia utumbo kufyonza kalisi kwa ajili ya mfupa huo. Tena huziamuru chembe za kinga zitengeneze protini iitwayo katelisidini, inayoua bakteria, na hutuliza uvimbe. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005, uliohusu watu wapatao 6,700 ambao hawajawahi kuvuta sigara, ulikuta wenye vitamini D nyingi zaidi fizi zao zilitoa damu kwa asilimia 20 pungufu kuliko wenye kidogo zaidi.

Tusiupe uzito usio wake. Mwenye vitamini D nyingi huenda pia anatembea sana nje na anakula vizuri. Na kidonge hakisugui jino. Ukoga ukibaki pale, hakuna vitamini itakayookoa fizi.

Hapa niwaambie habari ya baba yangu. Aling'olewa meno matano, na hakuna hata moja lililokuwa na tundu. Yalilegea tu. Miaka mingi kabla ya hapo alikuwa akitema damu kila anapopiga mswaki, na sisi watoto wake tulimwambia kwa huruma: baba, papumzishe hapo, unajiumiza. Akapapumzisha. Ukoga ukapata makazi. Baadaye damu ikapungua, nyumba nzima tukashukuru. Lakini alikuwa mvutaji wa sigara, na sigara hubana mishipa midogo ya damu kwenye fizi. Damu ilijificha, ugonjwa ukaendelea kula mfupa chini kwa chini. Hili linaniuma hadi leo, kwa sababu tulikuwa tunampenda na tulimshauri vibaya.

Basi fizi ikitoa damu, hapo ndipo pa kusafisha zaidi, taratibu, kwa brashi laini, na vibrashi vidogo vya katikati ya meno. Ukoga ulioganda ukawa mgumu hautoki nyumbani. Nenda kwa daktari wa meno ukakwanguliwe. Mwenye kisukari asichelewe kabisa, maana sukari ikipanda fizi huharibika upesi, na fizi mbovu nazo huipandisha sukari. Wazee wengine husema damu ya fizi ni kiseyeye. Kiseyeye hutokana na ukosefu wa vitamini C, ni jambo jingine, na siku hizi si la kawaida.

Kuhusu vidonge: ushauri wa serikali hapa ni mikrogramu 10 kwa siku, majira ya vuli na ya baridi, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi ni vyema tumeze mwaka mzima. Msizidishe mikrogramu 100 kwa siku. Ikizidi, kalisi hujaa kwenye damu na kuumiza figo. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari wake kwanza.

Nimekuja na vioo vidogo, vinapita mkono kwa mkono. Vuta mdomo wa chini. Usitishwe na mabaka meusi kwenye fizi. Wengi wetu tumezaliwa nayo, na ndiyo hufanya wekundu usionekane kwetu. Angalia ukingo unaogusa jino. Je, umekaza na umechongoka katikati ya meno, au umevimba na kung'aa? Anayeona umevimba aje hapa mbele, nitamtazama kabla sijaondoka.