Maini ya Mjamzito

AKINYI: Hamjambo wote. Leo tulipanga mambo matatu ya vitamini A: ikipungua, ikizidi, na cha kununua sokoni. Lakini Wafula, ngoja kwanza nikuambie nilichokikuta Jumapili.

WAFULA: Kwa yule shemeji yako wa Nyalenda, hapa Kisumu?

AKINYI: Huyo huyo. Ana mimba ya miezi miwili. Naingia, mama mkwe wake amemkaangia maini robo kilo, vitunguu na dania juu. Kando ya sahani kuna chupa ya vidonge vya mafuta ya ini la samaki. Halafu anatoa kwenye mkoba vidonge vingine vya vitamini. Vyote vitatu, kila siku.

WAFULA: Mama mkwe wa namna hiyo wangapi wanamtafuta!

AKINYI: Upendo wake siupingi. Lakini vitamini A haimwagwi kwa mkojo ikizidi. Inayeyuka kwenye mafuta, na ini linaiweka akiba. Mjamzito anahitaji takriban maikrogramu 800 kwa siku, na kikomo ni 3,000. Gramu 100 tu za maini ya ng'ombe yaliyopikwa zinaweza kupita 6,000. Ikizidi sana miezi ile ya kwanza, mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro za moyo, uso au ubongo.

WAFULA: Na sisi wengine?

AKINYI: Ukizidisha kwa muda mrefu, kichwa kinauma, nywele zinakatika, ngozi inachunika, mifupa inauma, hatimaye ini lenyewe linaharibika. Kuna Mswisi mmoja, Xavier Mertz, alikuwa Antaktika na Douglas Mawson. Chakula chao kikatumbukia kwenye ufa wa barafu, wakala mbwa waliokuwa wakiwakokotea mizigo. Mertz alifariki Januari 1913, na wataalamu wengi wanashuku ni vitamini A ya maini ya mbwa hao.

WAFULA: Ngoja. Mbwa?

AKINYI: Ndiyo, mbwa. Tuendelee.

WAFULA: Hatuendelei! Walipika vipi? Na yule mwenzake?

AKINYI: Mawson alinusurika. Inasemekana Mertz ndiye aliyepewa sehemu kubwa ya maini kwa sababu ni laini kutafuna. Wote wawili ngozi ilikuwa ikiwachunika.

WAFULA: Basi hiyo ndiyo shida yangu na mazungumzo haya. Umenitoa bucha ya Kibuye, ukanipeleka kwa mbwa wa Antaktika, sasa msikilizaji mjamzito kule Ahero amesikia "maini" na "kufa". Malaria ya huku ziwani inamaliza damu ya akina mama. Nyumba nyingi maini yanaonekana mara moja kwa mwezi. Umnyime hata hayo?

AKINYI: Kliniki anapewa vidonge vya madini ya chuma na foliki bila malipo.

WAFULA: Vinamletea kichefuchefu, anaviacha kwenye droo. Umeviona mwenyewe kwenye nyumba za watu.

AKINYI: Basi aambiwe avimeze usiku baada ya chakula. Wafula, wengi wanaanza kliniki miezi mitatu imeshapita, na viungo vya mtoto vimeshaumbika. Hakuna wa kuwapimia maini kabla ya hapo. Mimi nasema yaachwe miezi hiyo.

WAFULA: Nami nasema kipande kidogo mara moja kwa wiki, na vidonge vya dukani ndivyo viachwe. Hapo sitoki.

AKINYI: Wala mimi. Kwa vidonge vya dukani tuko pamoja, lakini kwa maini hapana.

WAFULA: Hata yale ya mbwa?

AKINYI: Wafula! Twende kwa upungufu wa vitamini A. Mtoto anayejikwaa kwenye viti jioni ilhali mchana anaona vizuri, usiseme ni utundu. Ni dalili ya mapema. Baadaye jicho linakauka, linatoka madoa kama povu, na likichelewa kutibiwa upofu haurudi nyuma. Surua ikimkuta katika hali hiyo, ni hatari kabisa.

WAFULA: Ndiyo maana muuguzi anakata ncha ya kile kidonge cha vitamini A kwa mkasi, anamkamulia mtoto mdomoni. Cha bluu, yuniti 100,000, cha miezi 6 hadi 11. Chekundu, 200,000, kuanzia mwaka mmoja mpaka kabla ya mitano. Kila miezi 6.

AKINYI: Na viazi vitamu vya rangi ya chungwa.

WAFULA: Vinanishinda kwa maji yake! Kwetu Kakamega tunataka kiazi cha unga.

AKINYI: Kuna aina zilizoboreshwa. Robert Mwanga wa Uganda na wenzake walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 kwa kazi kama hiyo. Na kiazi hakina hatari ya maini. Mwili hubadilisha ile rangi yake kuwa vitamini A kadiri unavyohitaji. Ukizidisha, viganja vinakuwa vya njano tu. Macho yakiwa ya njano, hiyo si kiazi, nenda hospitali.

WAFULA: Fundi wa sauti ananyoosha kidole kimoja.

AKINYI: Dakika moja! Na mambo ya soko hatujagusa, wala mafuta ya kupikia yanayoongezwa vitamini A kwa sheria ya Kenya tangu 2012.

WAFULA: Yasubiri wiki ijayo. Wenye watoto, Malezi Bora, zile wiki za watoto kupewa vitamini A, ni Mei na Novemba, msikose. Na mwenye upungufu wa damu asiogope maini.

AKINYI: Mwenye mimba changa aulize kliniki kwanza.

WAFULA: Kipande kidogo, Akinyi.

AKINYI: Aulize kwanza. Kwaherini.